Kazi ya Ukungu na Uyoga Katika Majani Makavu

(Hotuba iliyosomwa na karani mmoja mbele ya mkutano wa wanachama, Singida)



Katibu wetu aliponiomba niseme nanyi jioni ya leo, nafikiri alitazamia kwamba nitazungumza juu ya utunzaji wa majalada, kwa kuwa ndiyo kazi inayonilisha mimi na watoto wangu. Sitamnyima kabisa alilolitazamia. Nitaanza na jalada moja. Kisha nitawaomba tutoke ofisini, tupite chini ya miembe ya uwanja wetu, tufike mpaka porini Itigi na Mgori, tukawatazame watumishi wengine ambao majina yao hayamo katika daftari yo yote ya mshahara. Nao ni ukungu na uyoga, na jamii yote ya kuvu iotayo juu ya majani makavu, mabua, na miti iliyokufa.

Miaka michache iliyopita, katika ofisi moja ambayo sitaitaja, mzee mmoja aliyekuwa tarishi alimaliza utumishi wake. Alipokuja kudai kiinua mgongo, niliagizwa nimtafutie jalada lake la kwanza, lile lenye barua ya kuajiriwa. Bati la ghala lilikuwa limevuja kwa masika mawili, wala hapana mtu aliyepanda kutazama. Mimi mwenyewe nilikuwa nimo katika hao wasiopanda. Nilipolivuta jalada, vidole vyangu vilishika kitu laini kama pamba iliyolowa. Karatasi zilikuwa zimegandamana, zina madoa meusi na ya kijani, na barua ile ikanivunjikia mkononi. Nilimpelekea mzee hivyo hivyo ilivyo, pale nje alipokuwa amekaa juu ya benchi. Hakunigombeza. Aliitazama kwa kitambo, akauliza, "Mwanangu, ni nani aliyeila miaka yangu?" Miezi minane ilipita, akienda na kurudi, kabla ya haki yake kuthibitishwa kwa njia nyingine.

Swali lile halikunitoka moyoni. Nalikumbuka neno la mwalimu wetu wa elimu ya viumbe katika shule ya misheni, aliyekuwa akisema kwamba hapana kitu kiozacho chenyewe. Kila kiozacho kimeliwa. Basi nikaanza kusoma na kuuliza, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, kuvu si mmea, wala si mnyama. Jani bichi hujifanyia chakula kwa nguvu ya jua, kuvu haiwezi. Mnyama hula kwanza, ndipo chakula kikayeyuka tumboni. Kuvu huyeyusha kwanza, nje ya mwili wake, ndipo ikanywa. Mwili wake ni nyuzi nyembamba mno, nyingine hazionekani ila kwa hadubini, nazo hupenya ndani ya jani au mti na kutoa majimaji yenye vimeng'enya, yaani vitu vya kukatakata chakula vipande vipande hata kiwe rahisi kufyonzwa. Uyoga tuuonao juu ya nchi ni kama tunda tu. Mti wenyewe, kama naweza kuuita mti, umo chini, umelala katika majani na udongo, nao hutoa tunda lake siku chache ili kutawanya mbegu zake zilizo laini kama vumbi.

Sasa, karatasi ni nini? Ni mti uliosagwa au kupikwa. Katika mti mna vitu viwili vikubwa. Cha kwanza huitwa selulosi, nacho ndicho kilicho katika pamba na katika karatasi. Cha pili huitwa lignini, nacho ndicho kiufanyao mti kuwa mgumu, kama saruji iliyomiminwa kati ya nondo. Watengenezaji wa karatasi nzuri huipika miti kwa dawa hata lignini itoke, ibaki selulosi nyeupe. Karatasi za magazeti huachiwa lignini nyingi, na kwa hiyo hugeuka rangi ya manjano upesi. Basi karani anapoweka majalada katika ghala lenye maji, amekwisha kumpikia ukungu chakula, akakimenya, akakiweka mezani. Ukungu haukumwonea yule mzee. Ulifanya kazi yake, nasi hatukufanya yetu.

Jambo hili si la ofisi zetu peke yake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, majeshi ya Marekani yaliyokuwa katika visiwa vya bahari ya Pasifiki yaliona hema na nguo zao za pamba zikioza upesi sana. Wataalamu waliutafuta ukungu ulioharibu, na mmoja wao, uliopatikana katika Visiwa vya Solomon, baadaye ukaitwa Trichoderma reesei, kwa heshima ya Elwyn Reese, mtaalamu wa Marekani aliyeuchunguza. Leo ukungu ule ule hufugwa katika viwanda, na vimeng'enya vyake hutumika kulainishia nguo, kutilia katika sabuni za kufulia, na kugeuza mabua kuwa sukari. Hivi ndivyo mwizi wa hema alivyopewa kazi. Nawaomba mlikumbuke jambo hili, maana ndilo shina la maneno yangu: kuoza ni kazi. Mahali pake pakiwa pazuri, ni baraka. Pakiwa pabaya, ni hasara. Lakini mfanya kazi ni yule yule.

Jambo la pili ni wingi wa aina zao. Mtu aweza kuuliza, kwa nini pawe na aina nyingi hivyo kwa kuozesha majani tu? Jibu lake sisi makarani tunalijua kuliko watu wengine. Barua iingiapo ofisini haimalizwi na meza moja. Mmoja huipokea na kuiandika katika daftari, mwingine huifungulia jalada, wa tatu hutazama hesabu, wa nne hutia sahihi. Meza moja ikiwa tupu, jalada hulala.

Jani nalo ni vivyo hivyo. Lingali bichi mtini, ndani yake mna kuvu zinazokaa kimya pasipo kulidhuru. Jani likianguka, hizo ndizo huanza kazi, maana zimo nyumbani tayari. Zafuata zile zipendazo sukari na vitu vyepesi, ambazo hukua upesi na kuondoka upesi. Kisha huja zile ziwezazo kuikata selulosi. Mwisho huja mafundi wa lignini, ambao ni wachache. Wengi wao ni jamii ya uyoga. Wengine katika hao huacha mti ukiwa mweupe na mwororo kama nyama ya nazi, kwa sababu wameila lignini. Wengine huila selulosi na kuiacha lignini, na mti ukawa wa kahawia, ukipasukapasuka vipande vya pembe nne. Wala zamu hizi hazina mpaka kamili kama saa za ofisi. Wengi huwa kazini pamoja, wakishindana, na hata wakilana wao kwa wao.

Wataalamu waliochunguza majani yaliyoanguka katika msitu wa mvua wa Costa Rica, katika Marekani ya Kati, waliandika mwaka 1994 kwamba fungu dogo tu la majani lilitoa makumi kwa makumi ya aina. Wengine huko Puerto Rico walichukua majani ya miti miwili yaliyolala pamoja chini, wakaona kwamba aina nyingi zilipenda zaidi mti huu kuliko ule. Huko huko waliona tena kwamba nyuzi za aina fulani huyashona majani pamoja kama mkeka, hata mvua kubwa isiyachukue mteremkoni. Basi penye miti ya namna nyingi huwa na kuvu za namna nyingi, na penye mti wa namna moja tu, meza nyingi huwa tupu.

Jumla ya kuvu zote za dunia hapana aliyeihesabu. Mwaka 2017 wataalamu Hawksworth na Lücking walikadiria kwamba aina ziko kati ya milioni 2.2 na milioni 3.8. Zilizokwisha kupewa majina ni kama 150,000 tu. Maana yake ni kwamba katika kila aina kumi, tisa na zaidi hazina jina, na nyingi katika hizo zinadhaniwa kuwamo katika nchi za joto kama yetu.

Sasa tutoke Amerika, turudi Singida. Mtu aweza kusema, "Hayo ni ya misitu ya mvua, sisi hapa ni watu wa nchi kavu, uyoga una nini nasi?" Ni kweli, mvua yetu ni ya msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hata Aprili, na baada ya hapo miezi hupita pasipo tone. Lakini nchi kavu nayo ina watumishi wake, waliojifunza kungoja. Mtazame kiyoga kidogo cheupe chenye manyoya, kiotacho juu ya magogo, ambacho chini yake kina mikunjo iliyopasuka katikati. Jua likiwaka, mikunjo hujikunja na kufunga, kikakauka kama ngozi. Mvua ikinyesha, hufunguka tena na kuendelea na kazi kana kwamba hapana lililotokea. Utazame na ule mwingine wa rangi ya machungwa yaliyoiva sana, uliobandikwa kama kisahani juu ya mti mkavu ulioanguka juani. Huo ni mmoja wa mafundi wa lignini. Chini, juu ya vijiti na samadi ya zamani, kuna kile kilicho kama kiota kidogo chenye mayai ndani yake. Tone la mvua likiingia, huyarusha mayai yale mbali, na hayo ndiyo yachukuayo mbegu zake. Na juu ya vichuguu, katika nchi kavu za Afrika, husimama uyoga mrefu wenye kofia iliyofungwa kama mwavuli uliokunjwa.

Sisahau wale wa miombo. Yafaa tuwatenge, kwa maana uyoga mwingi upendwao na wachumaji katika miombo si wa kuozesha majani. Nyuzi zake zimeshikamana na mizizi ya miti iliyo hai, zikiipa maji na chumvi za udongo na kupewa sukari. Huo ni ubia na mti hai, nao wa majani makavu ni utumishi kwa kilichokufa. Nchi yahitaji wote wawili, na mwenye kukata miti yote huwapoteza wote wawili.

Kati ya watumishi wa nchi kavu, aliye mkubwa hafanyi kazi peke yake. Twamjua mchwa, nasi makarani twamchukia, kwa sababu asiposhindana na ukungu katika ghala hushirikiana nao. Lakini mchwa wale wajengao vichuguu vikubwa hawawezi wenyewe kuila lignini vizuri. Huchukua majani na vijiti, huvitafuna na kuvijenga ndani ya kichuguu kama masega, na juu ya masega hayo hulima kuvu. Kuvu huozesha, mchwa hula. Aina zaidi ya 300 za mchwa hufanya ukulima huo. Kuvu yao ilipewa jina la Termitomyces na Roger Heim, mtaalamu wa Ufaransa, mwaka 1942. Mvua zikija, kuvu ile hupenya ukuta wa kichuguu na kutoa uyoga, ule ule ambao watoto wetu hukimbilia kuuchuma alfajiri. Mmoja wa jamii hiyo, uliopewa jina huko Zambia mwaka 1980, hukua hata kofia yake ikafikia upana kama wa meta moja.

Na ukulima huo ni wa kale. Katika bonde la Rukwa, hapa hapa Tanzania, kusini magharibi yetu, wataalamu walifukua vichuguu vilivyogeuka mawe, masega ya kuvu yangali ndani yake; habari zake zikatangazwa mwaka 2016, na umri wake ukakadiriwa kuwa miaka milioni 25. Mabwana, mwanadamu hajafikisha miaka elfu ishirini tangu ashike jembe. Mkulima wa kwanza wa Afrika ni yule tumwagiaye dawa.

Iko habari nyingine ya Afrika ya Mashariki ambayo ningependa kila mwenye shamba aijue. Huko Muguga, katika Kenya, palikuwa na shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika ya Mashariki. Mtaalamu wa udongo aliyeitwa H. F. Birch alionyesha, katika maandiko aliyoyatoa tangu mwaka 1958, kwamba udongo uliokauka sana, ukipata maji mara ya kwanza, huamka kwa kishindo. Vijidudu vyake, bakteria na kuvu, hula kwa haraka vitu vilivyokufa wakati wa kiangazi, na kwa siku chache hutoa naitrojeni nyingi iwezayo kutumiwa na mimea. Baadaye nguvu hiyo hupungua. Leo, dunia nzima, jambo hilo huitwa kwa jina la Birch. Basi babu zetu waliotia mbegu mapema, mvua ya kwanza ikiwa bado yanukia, hawakuwa na haraka ya bure. Mbegu iliyokwisha kuwamo ardhini hukuta meza imeandaliwa. Ichelewayo hukuta makombo. Lakini chakula cha meza hiyo ni nini, ila majani na mizizi iliyokufa? Aliyeyachoma yote hana la kuandaa.

Sitaki kuwasifu watumishi hawa kupita kiasi. Katika kila idara yuko mmoja wa kuangaliwa. Iko kuvu ikaayo udongoni, ikila mabua na magunzi ya zamani, ambayo ikiingia katika mahindi au karanga hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hii ilijulikana baada ya mwaka 1960, batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa chakula kilichotengenezwa kwa karanga. Mwaka 2004 iliua watu 125 katika Kenya, hasa Makueni na Kitui. Na mwaka 2016 iliingia kwa jirani zetu kabisa, Dodoma na Manyara, na watu wapatao 20 wakafa. Haionekani kwa macho, haina harufu, wala kupika hakuiondoi. Huharibu ini. Huingia zaidi katika mazao yaliyopatwa na ukame na wadudu shambani, na katika yale yaliyowekwa ghalani kabla hayajakauka vema. Sisi ni watu wa karanga na mahindi, na mwaka wa ukame si mgeni kwetu. Basi tuanike juu ya turubai wala si juu ya udongo mtupu. Tuchambue na kutupa karanga zilizovunjika, zilizosinyaa na zenye ukungu. Wala tusiwape mifugo hizo tulizozitupa.

Na hapa wingi wa aina hutusaidia tena. Wataalamu wa taasisi ya IITA, yenye makao yake Ibadan, Nigeria, walichunguza jamii za kuvu ile ile wakaona kwamba nyingine hazitoi sumu kabisa. Wakazizidisha, wakazitia shambani, ili zikamate nafasi na kuwasukuma nje ndugu zao wabaya. Njia hiyo imeruhusiwa katika nchi yetu pia. Tazameni: mwizi hakufukuzwa kwa moto, amefukuzwa na jamaa zake. Kama jamaa wote wangekuwa wameangamizwa, nani angemfukuza?

Nimefika mahali pa kusema lililonileta. Kila asubuhi, katika nyua za ofisi nyingi na za nyumba zetu wenyewe, majani ya miembe na miarobaini hufagiliwa, yakakusanywa, yakatiwa kiberiti. Twaona ni usafi. Nami nimeagiza hivyo mara nyingi, na nikamkemea mfagiaji aliyechelewa. Lakini moto huipeleka hewani karibu naitrojeni yote ya majani. Majivu hubakiza chokaa, potasi na fosfeti, na kwa hiyo shamba lililochomwa huonekana kustawi mwaka wa kwanza. Ndiyo maana watu hudanganyika. Mwaka wa tatu udongo ni mwepesi, wa rangi ya vumbi, na mvua ikija hupita juu yake kama juu ya meza.

Porini ni vivyo hivyo. Huko Ndola, katika Zambia, tangu mwaka 1933 viwanja vya miombo vilitengwa kwa kujaribia moto kwa miaka mingi. Palipochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, wakati kila kitu kimekauka kabisa, miti ilikwisha, majani ya nyika yakatawala. Palipozuiwa moto, msitu ulifunga. Palipochomwa mapema, nyasi zikiwa bado mbichi kidogo, miti ilivumilia. Sisemi moto wote ni adui, maana wazee wa porini wana sababu zao. Nasema moto wa Septemba na Oktoba ni adui wa kila mtu.

Hapa kwetu tuna mali ambayo wengi wetu tumeipita kwa gari tu. Kile kichaka kizito cha Itigi, katika nchi ya Manyoni, ambacho mtu hawezi kukipenya pasipo panga, hakipatikani po pote duniani ila hapo na katika sehemu za mpaka wa Zambia na Kongo. Hupukutisha majani yake wakati wa kiangazi, na majani yale hulala chini yakingoja mvua na watumishi wake. Aina ngapi za kuvu zimo humo, ambazo labda hazimo mahali pengine? Na msitu wa Mgori nao, mwaka 1995, uliwekwa katika utunzaji wa vijiji viupakanavyo, badala ya kuwa hifadhi ya serikali peke yake. Nautaja kwa sababu waonyesha kwamba watu wa Singida hawakungoja kufundishwa kuupenda msitu. Walihitaji tu kukabidhiwa. Elimu ya uyoga wetu nayo haitoki ng'ambo yote. Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Finland, pamoja na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa mwaka 2003 kitabu kikubwa cha uyoga wa Tanzania, na maarifa mengi ya uyoga uliwao yalitoka kwa watu wa vijijini. Katika chuo hicho hicho Anthony Mshandete na wenzake walionyesha kwamba takataka za mkonge, ambao sehemu kubwa sana ya jani lake hutupwa baada ya kutolewa nyuzi, zaweza kuoteshwa uyoga wa kuliwa. Takataka za mtu mmoja ni shamba la mwingine.

Basi nina maombi matatu kwa wanachama, nayo hayahitaji fedha.

La kwanza, majani ya nyua zetu yasichomwe. Yachimbiwe shimo au yakusanywe fungu kivulini, mbali na ghala, yachanganywe na samadi na kutiwa maji kidogo. Samadi ni ya lazima, maana mabua makavu yakifukiwa peke yake, kuvu huichukua naitrojeni ya udongo kwa kujijenga, na mmea hukosa kwa muda. Mimi nilianza shimo langu mwaka juzi, nyuma ya nyumba. Mama watoto aliniambia nimechimba kaburi la majani. Mwezi wa Machi tulipofukua, tulikuta nyuzi nyeupe zimeshika kila kitu, na chini yake mboji nyeusi inukiayo vema. Sasa ni yeye anikatazaye kutupa hata ganda la ndizi, na mchicha wake ndio unaojibu maswali ya majirani.

La pili, ghala za majalada zitazamwe kabla ya mvua, si baada yake. Bati lizibwe, kabati ziinuliwe juu ya sakafu na kutengwa na ukuta, madirisha yafunguliwe siku za jua. Ukungu hauombi ruhusa. Hungoja maji tu.

La tatu, mtu asile uyoga asioujua, wala asiamini ati sarafu ya fedha au kitunguu kitamwonyesha wenye sumu. Hapana kipimo cha namna hiyo. Waulizwe wanaojua, na mwenye shaka auache.

Mabwana na mabibi, namalizia pale nilipoanzia. Yule mzee aliniuliza ni nani aliyeila miaka yake, nami siku ile sikuwa na jibu. Leo ningalimwambia hivi: aliyeila ni mtumishi hodari asiyejua kusoma. Kwake yeye barua yako na jani la mwembe ni kitu kimoja. Sisi tuliosoma ndio tuliopaswa kumtengea fungu lake, tumpe majani na tumnyime barua. Tulifanya kinyume: majani tukayapa moto, na barua yako tukampa yeye.

Mzee huyo yu hai, na hukaa si mbali na mji huu. Mwezi uliopita nilimpelekea debe mbili za mboji kwa bustani yake. Aliichukua mkononi, akainusa, akacheka, akasema, "Hii nayo ilikuwa barua ya nani?"